Molekile mu Moulin ya Shangazi

Butembo, mardi 6 mars 2001

Nimeanza! Vita ama hapana vita. Lundi jury ya institut inachagua assistant wa chimie: mimi Esdras, ao Kasonia. Kasonia anachora molekile za sabuni na craie, sawa mutoto wa primaire. Mimi nitazionyesha ku ordinateur: kichwa kinapenda maji, mukia unapenda mafuta, zinajipanga zenyewe mu mupaka wa maji na mafuta. Courant ya umeme hapana. Donc nimefunga alternateur ya kutoa umeme ku moteur ya moulin, mashini ya kusaga ya shangazi Berthe. Akasema sawa, mais moteur inazunguka tu kama kuko mihogo ya kusaga.

Jeudi 8 mars

Bamama banakuja mumoja-mumoja. Moteur inasimama, molekile zinalala ku ordinateur! Nikapita mutaa wetu wa Mususa yote, nikasema basoda banakuja kunyanganya mihogo mikavu, bunga ndiyo rahisi kuficha. Aksanti Yezu, foleni mupaka barabara! Molekile zilifika nusu ya hesabu. Kumbe commandant Blaise, mukubwa wa basoda, naye akasikia foleni. Akakuja, akabeba mazout yote ya moteur. Shangazi akaniangalia. Niliangalia juu.

Vendredi 9 mars

Njia ya Beni imefungwa, mazout hapana. Niache? Mimi? Jamais! Nimesikia moteur kama hii inakunywa hata mafuta ya ngazi, mawese ya kupikia. Nikanunua bidon kwa Kahongya ku soko. Mwizi ule! Ameongeza maji: mafuta juu, maji chini. Mutu mwingine angelia. Mimi niko specialiste wa mupaka ule ule! Nikakata sabuni ya shangazi, nikakoroga mupaka yote ikakuwa nyeupe. Vikaungana! Nikamimina. Moteur ikakohoa, ikatapika povu ku échappement, bomba ya moshi, ikakufa. Bamama banabakia na mihogo nusu-nusu.

Samedi 10 mars

Fundi anasema ameona moteur za kila aina, mais hapana moteur yenye kuoga. Bamama banataka bunga yabo. Shangazi akaleta kinu, akanipa muchi, akasema foleni yote ni yangu. Kasonia akapita, akanisalimia "Professeur!" Nikamujibu niko mu travaux pratiques.

Lundi 12 mars

Banamuchukua Kasonia. Na craie yake! Jury iliuliza matokeo yangu iko wapi. Nikaonyesha mikono yenye malengelenge. Nikasema mafuta na maji viliungana kabisa, ni moteur ndiyo ilikataa science. Bakacheka mupaka machozi.

Kurudi, nilikuta shangazi amekaa karibu na moteur yake, anaipanguza povu na kitambaa. Hata hakunitukana. Franga ya moulin ile ndiyo ilinisomesha. Roho iliniuma, nasema kweli. Nikamuahidi nitaitengeneza, akaniomba, kwa jina la Bikira Maria, nisiguse kitu.

Mais nimefikiri. Kosa lilikuwa sabuni ya kipande! Ya unga ndiyo inayeyuka muzuri. Na padiri Gérard iko na groupe, jenereta ya umeme, mupya kabisa ku paroisse, haijaguswa na mutu. Kesho asubui naenda kumusalimia. Sabuni ya unga iko tayari mu mufuko.