Malalamiko ya Masijala Kuhusu Majalada Yasiyo na Ukurasa wa Kwanza

Kwa Ndugu Mkuu wa Kituo,
Ghorofa ya pili, mlango unaotazama ngazi.

KUHUSU: RAMANI ZA MAWAZO KULETWA MASIJALA BILA MASIJALA KUULIZWA

Ndugu Mkuu,

Nakusalimu kwa heshima, nikitumaini kwamba mgongo wako umepata nafuu. Mimi ni yule mama wa masijala, chumba cha chini kando ya choo cha wageni, ambaye kwa miaka kumi na tisa nimetunza majalada ya watu wanaokuja kituoni petu kutibiwa kiwewe. Nimekutafuta mara tatu nikaambiwa uko kikaoni. Mara ya nne tulikutana ngazini ukaniambia tutaongea, lakini maongezi ya ngazini hayana kumbukumbu, kwa hiyo naandika.

Unajua mwenyewe utaratibu wetu ulivyokuwa. Kila mteja alikuwa na jalada moja la kijani. Ukurasa wa kwanza ni siku ya tukio, ukurasa wa pili ni siku iliyofuata, na kuendelea hivyo mpaka mteja apone au ahame. Mshauri akiacha kazi, anayemrithi hufungua ukurasa wa kwanza na kumwomba mteja aeleze upya. Wako wateja walioeleza mara sita. Wawili kati yao wamezoea kiasi kwamba wanaeleza kama wanaosoma tangazo la kukatika maji, jambo ambalo mimi nililichukulia kuwa ni maendeleo.

Miezi mitano iliyopita ukatuletea mshauri nasaha mpya. Ni binti mwenye adabu, ananiamkia kila asubuhi hata kama tumeonana dakika kumi zilizopita, na sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni na karatasi zake. Anachukua karatasi la manila, lile pana la kuchorea mabango, anaweka duara katikati, na mteja anasema kitu gani kiingie humo. Kisha wanachora mistari inayotoka kwenye duara kama miguu ya buibui, na kila mstari unazaa mingine. Anaiita ramani ya mawazo. Aliponikabidhi ya kwanza nilimuuliza jalada liko wapi, akasema hilo ndilo jalada.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo:

1. Ramani haziingii kabatini. Nimejaribu kuzikunja mara nne, zikavimba. Nimejaribu kuziviringisha, na moja ikajifungua yenyewe wakati wa chai ikampiga mfagizi mkononi, kikombe kikaenda chini. Sasa ziko kumi na nne, zimesimama ndani ya ndoo nyuma ya mlango. Mkaguzi akija nitamwambia nini? Kwamba mateso ya watu tumeyaweka kwenye ndoo?

2. Ramani hazina ukurasa wa kwanza. Hazina wa mwisho pia. Nilimuuliza mshauri mtu aanzie wapi kusoma, akanijibu kwa upole kwamba aanzie popote. Ndugu Mkuu, nimeajiriwa kwa cheti cha kupanga nyaraka. Neno popote halimo kwenye cheti.

3. Rangi. Mwongozo unasema wino mweusi au wa bluu. Siku hizi mteja anachagua mwenyewe. Yuko mama mmoja aliyenusurika nyumba ilipoungua, na katika ramani yake moto ameuchora kwa rangi ya maji ya bahari, halafu mashemeji zake akawachora kwa nyekundu iliyokolea mpaka karatasi imetoboka. Nilimrudishia mshauri nikidhani ni kosa la uandishi. Aliitazama kwa muda, akasema siyo kosa, na akanishukuru kwa kuiona. Sikuwa nimeomba shukrani.

4. Suala la redio. Hapa naomba unisome taratibu.

Tunaye mteja ambaye kwa kufuata kanuni sitamtaja jina. Nitamwita Fundi kwa kuwa ni mwashi. Miaka sita iliyopita ghorofa walilokuwa wakilijenga liliporomoka, akakaa chini ya kifusi siku mbili. Kando yake alilala mwashi mwenzake. Siku ya kwanza waliongea. Kisha mwenzake akanyamaza, lakini redio ndogo iliyokuwa kwenye mfuko wa shati lake ikaendelea kuimba na kutangaza mpaka betri zikaisha, na Fundi alikuwa hawezi kuufikia ule mfuko.

Jalada lake lina kurasa mia mbili na kumi na nne, zote nimezitoboa na kuzipiga namba kwa mkono wangu. Katika ukurasa wa 12 ametoka kwa kinyozi akiwa amenyolewa nusu kichwa, na mshauri wa wakati huo akaandika "hasira". Katika ukurasa wa 67 anashuka kwenye gari la abiria njiani na kutembea saa nzima hadi kazini. Ikaandikwa "matatizo ya usafiri". Ukurasa wa 140 mkewe amerudi kwao kwa sababu haruhusiwi kuwasha kitu chochote jikoni akipika. Ikaandikwa "mgogoro wa ndoa". Ukurasa wa 198 ameondoka kwenye harusi ya mpwa wake kabla ya chakula, ikaandikwa "hapendi watu". Kwa miaka sita redio ilikaa ndani ya jalada lile, katika kurasa nne tofauti, kila moja mahali pake, na haikumsumbua mshauri yeyote.

Akaja binti huyu na manila yake. Akamuuliza Fundi kiingie nini katikati. Nilitegemea aseme jengo, kwa sababu ukurasa wa kwanza unasema jengo. Fundi alisema redio. Kinyozi akaning'inia kwenye redio, gari likaning'inia, mke akaning'inia, harusi ikaning'inia. Yaani kurasa mia mbili na kumi na nne za kazi yangu ziliingia kwenye duara lenye ukubwa wa sahani, ndani ya dakika arobaini, na Fundi akatoka mle chumbani bila kulia. Nakuuliza kwa nia njema, tutajuaje kama alihudumiwa?

Niongeze kwamba mimi redio niliiona tangu mwaka wa pili. Lakini kazi ya masijala ni kutoboa kurasa, kuziunganisha ni kazi ya wengine, na hakuna fomu ya mtunza masijala kusema ameona kitu.

5. Hatua niliyochukua. Kwa kuwa hukuwa na nafasi, nilitumia busara. Nilichukua mkasi, nikaikata ramani ya Fundi vipande thelathini na kimoja, kila kipande nikakibandika kwenye karatasi ya kawaida, nikazipanga kwa alfabeti na kuzifunga kwenye jalada jipya la kijani. Gari likatangulia, harusi ikafuata, kinyozi baada yake. Lilikuwa jalada safi, na nililitazama kwa furaha ambayo sikuwa nimeipata tangu ndoo ianze.

Alhamisi iliyofuata Fundi alikuja kwenye dirisha la masijala kuomba ramani yake, maana siku hizi wateja wanaruhusiwa kuongeza mistari, nalo ni lalamiko ambalo nimeliacha nisikuchoshe. Nikampa jalada. Alifungua, akapekua mpaka mwisho, akarudi mwanzo. Hakupandisha sauti. Alisema tu, "Mama, mbona umenirudisha vipande?"

Alikwenda kwenye benchi la ukumbini, akafungua vyuma vya jalada, akaanza kupanga karatasi sakafuni. Watu waliokuwa wakipita wakawa wanazunguka ukutani. Nyaraka za siri kuwa sakafuni ni kosa, kwa hiyo nilifunga dirisha, nikatoka ili nisimamie. Nilisimama. Aliweka redio katikati, akaweka kinyozi, akaweka mke. Kipande kimoja akakishika muda mrefu, kimeandikwa "mkono wangu wa kushoto", akakisogeza huku na huku, hakijui kwao. Nikamwambia kinakaa kati ya redio na mfuko wa shati, kwa sababu ndio mkono aliokuwa akiunyoosha. Aliniangalia. Nami nikapiga magoti, na magoti yangu unayajua, tukaendelea wawili.

Mshauri alitukuta pale. Nilijiandaa kwa maneno makali na nilikuwa na majibu. Alileta manila jipya na gundi, akakaa chini. Naomba ijulikane kwamba hiyo gundi ilikuwa ya masijala na haikusainiwa.

6. Kuingizwa kwangu ndani ya nyaraka. Ramani ilipokwisha kubandikwa, Fundi aliomba kalamu ya kijani, akachora mstari mmoja mpya, mwishoni akaandika "mama wa dirishani". Nilipinga papo hapo. Mtunza jalada hawezi kuwa ndani ya jalada analolitunza. Ni sawa na kabati kuingizwa ndani ya faili. Fundi akasema kwa miaka sita kila mtu kituoni humu amemuuliza ilikuwaje, na ni mimi peke yangu niliyemuuliza kama ameshakunywa chai. Hiyo siyo tiba, Ndugu Mkuu. Nilikuwa namuuliza kwa sababu foleni ilikuwa ndefu.

7. Taarifa zisizo na fomu. Wiki iliyopita Fundi alikuja bila miadi, akavua kofia mbele ya dirisha langu, akainamisha kichwa. Kilikuwa kimenyolewa chote, nyuma na mbele, pembeni pamewekwa mstari. "Kinyozi aliiwasha," akaniambia. "Nilikaa mpaka mwisho." Nilimwelekeza kwamba taarifa za aina hiyo zipelekwe kwa mshauri. Akasema huko ameshapeleka, hii ni ya kwangu. Nimetafuta kwenye kabati lote, hatuna fomu ya kupokelea kichwa. Nililazimika kukishika kwa mkono kuhakiki.

8. Mwisho, takwimu. Robo ya mwaka iliyopita kituo kilitumia maboksi arobaini ya karatasi laini za kufutia machozi. Robo hii, kumi na saba. Mtu wa stoo ameniuliza kama tumefungwa. Sifa ya kituo hiki ilijengwa kwa maboksi yale, na hali ikiendelea hivi tutajikuta na wateja wanaoondoka.

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Ramani zote zirudishwe kuwa kurasa, kwa gharama ya macho yangu mwenyewe. Itolewe kanuni kwamba mteja akumbuke mambo yaliyompata kwa kufuata tarehe, kuanzia la kwanza, na asiruke. Anayetaka kuweka kitu katikati alete barua ya kueleza kwa nini kisikae mwanzoni. Kinyozi, mashemeji na vitu vingine visivyo tukio vifunguliwe jalada lao la mambo mengineyo. Na mimi nifutwe kwenye ramani ya Fundi. Au, ikishindikana kwa sababu ya gundi, nipewe cheo kinacholingana na mstari nilioandikwa.

Nakiri kwamba mshauri ni mchapakazi, na barua hii isichukuliwe kuwa inamchongea. Ni mwanangu kwa umri. Ila mtoto akichora ukutani, hata kama amechora vizuri, mwenye nyumba huarifiwa.

Nafunga kwa kukutakia kazi njema na kikao kifupi. Nisalimie katibu muhtasi wako, ambaye kila mara ameniambia kwa heshima kwamba uko kikaoni, dereva, mtu wa stoo, na umwambie hatujafungwa, pamoja na shemeji yangu mkeo na watoto.

Wako mtiifu katika kazi,

Mama wa Masijala
(sahihi na mhuri, mhuri umefifia, nimeshaomba wino)

N.B. Utaona barua hii imepangika. Zile tatu nilizoandika kabla yake nilizichana, kwa sababu kila lalamiko lilikuwa likiingia ndani ya lingine na sikujua la kwanza ni lipi. Juzi mchana binti akanikuta nahangaika, akaniwekea manila mezani na kalamu moja, akaondoka. Malalamiko yote manane nikayapata kabla chai haijapoa. Katikati niliandika "karatasi", lakini hakuna mstari uliokubali kutoka hapo. Nikakata, nikaandika "mshauri", hapo nako ikawa vivyo hivyo. Mara ya tatu mkono uliandika wenyewe "nimezisoma zote", na mistari ikatoka kila upande mpaka pembeni mwa karatasi: yule mama wa moto, Fundi, na wengine mia nne na tatu, pamoja na wale ambao majalada yao yaliishia ukurasa wa tisa kwa sababu hawakurudi. Sikuwa nimejua kwamba wote ninao. Binti amenipa nafasi Jumanne saa nne asubuhi. Naomba ruhusa ya saa moja, na kwa siku hiyo tafadhali puuza barua hii.