Ombi la Kurudishiwa Taa Mbovu ya Treni

Kwa Msimamizi Mkuu,
Karakana ya Vichwa vya Treni.

Ndugu Msimamizi,

YAH: TAA MLIYOITENGENEZA BILA KUTUULIZA

Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe, mkeo, watoto na mafundi wako wote, isipokuwa yule aliyeshika bisibisi Jumatano. Huyo namtakia mafua kidogo tu, yasizidi siku mbili.

Mimi ni mshona mapazia. Nyumba yetu ni ya tatu kutoka kivuko cha reli, yenye mlango wa kijani. Shule yangu iliishia darasa la sita, kwa hiyo ukiona herufi imekaa vibaya isogeze mwenyewe. Siandiki kwa ajili yangu. Naandika kwa niaba ya binti yangu, fundi wa simu, ambaye mtaa mzima unamwita Fundi Nyaya. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu nimemsifu miaka ishirini na sita na hajatia hata tone.

Binti yangu ametengeneza treni ya mfano. Kichwa chake kina urefu wa rula ya mwanafunzi, na kimefanana na kile chenu cha bluu kinachopita nyuma ya nyumba yetu kila siku saa kumi na mbili jioni, utadhani kimoja kimemzaa mwenzake. Kazi kubwa ilikuwa taa. Usidhani ni kubandika vitaa na kwenda kulala! Kikienda mbele, mbele kunawaka nyeupe na nyuma nyekundu. Kikirudi nyuma, zinabadilishana zenyewe. Taa ya chumba cha dereva huwaka kikisimama, kikianza kwenda inazimika, maana dereva akikaa kwenye mwanga haoni cha nje. Mwanzoni mwanga ulikuwa unapenya kwenye plastiki, kichwa kizima kinang'aa kama friji iliyoachwa wazi. Akapaka rangi nyeusi kwa ndani, mara tatu. Vitaa vya dukani vilikuwa vyeupe mno, akavitia rangi ya kucha zangu, ile ya dhahabu niliyokuwa nimeitunza kwa harusi yake. Sikununa. Harusi itangoja, treni haingoji.

Lakini alikomalizia ustadi wote ni taa ya kushoto. Unaikumbuka ile yenu ilivyokuwa: hafifu, ya njano kama chai iliyokosa majani, na kila kichwa kikipita kwenye kiungo cha reli nyuma ya bafu letu inakonyeza mara tatu. Binti yangu alikaa juu ya ndoo wiki mbili na daftari, anahesabu. Mvua ikinyesha mimi namshikia mwavuli. Akaiga mpaka konyezo la mwisho.

Basi yakaja mashindano ya treni za mfano kwenye ukumbi wa stesheni. Mshindi, treni yake inawekwa kwenye kabati la kioo pale wanapongojea abiria, mwaka mzima, na jina lake chini. Jaji mkuu, dereva mstaafu, akamwandikia: "Taa si halisi. Hakuna kichwa cha namna hii." Ushindi akapewa daktari wa meno mwenye treni ya taa kali kama za ukumbi wa sherehe. Binti yangu hakugombana. Aliwaambia majaji tu, njooni kivukoni mwone wenyewe. Wakakubali, wanakuja Jumamosi hii. Wakiiona taa ile, kabati ni letu.

Jumatano jioni nikatoka na kikombe changu kuitazama treni. Inakuja na taa mbili nyeupe, sawasawa, kama bwana harusi! Kikombe kikaniponyoka.

Kwa hiyo, kwa heshima zote, naomba yafuatayo:

1. Taa ya kushoto irudi kama ilivyokuwa, kabla ya Jumamosi saa kumi na mbili. Sisemi muivunje, mimi si mhuni. Nataka uchakavu wa heshima. Kama mliitupa, nije nitafute kwenye pipa lenu. Sindano naipata kwenye zulia sembuse taa.

2. Ikonyeze mara tatu. Si mbili, si nne. Ikikonyeza nne yule mstaafu atapata la kusema.

3. Dereva wenu wa jioni amenyoa. Dereva wa binti yangu, kile kisanamu alichokiketisha ndani ya treni yake, ana ndevu, na treni ikisimama kungoja ishara pale kivukoni taa ya chumba inazimulika vizuri sana. Siku ni chache, najua hazitaota. Nina sufu nyeusi iliyobaki kwenye mito, nitamletea, na gundi isiyowasha.

4. Huyo jaji achunguzwe. Anajisifu kaendesha treni miaka thelathini. Sawa, lakini aliiendesha akiwa wapi? Ndani! Aliyekaa ndani ya kichwa ameuonaje uso wake? Sisi tulio nyuma ya bafu ndio tunaoujua. Muda wote aliokuwa akituletea taa usoni, yeye alikuwa akitazama mbele.

5. Ili jambo hili lisijirudie, vichwa vyote mlivyonavyo, vya bluu na visivyo vya bluu, vipewe taa hafifu ya kushoto. Vikishakuwa vyote hivyo, hiyo ndiyo itakuwa taa halisi, na daktari wa meno ndiye atakayekuwa amekosea.

Najua utaniambia habari za usalama. Nimelifikiria hilo nikiwa nashona, na jibu ninalo. Gari ndilo linalohitaji taa, kwa sababu linachagua njia. Treni imewekewa reli. Hata ukiifumba macho yote mawili itapotelea wapi?

Wasalimie mafundi wote, walinzi wa getini, na mama anayewafagilia karakana, maana najua kazi ya mafuta sakafuni. Mkeo mwambie akitaka mapazia asiende kwingine.

Nisimamaye kwa uchungu na adabu,
Mama Fundi Nyaya,
Mshona mapazia, mlango wa kijani.

Nyongeza: Nilikuwa nalamba bahasha binti yangu akaingia. Akaichukua barua, akaisoma yote wima, mkoba ungali begani. Nilidhani atalia. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akasema, mama, taa ile niliwaambia mimi.

Kumbe Jumanne alikuja kwenu, akasimama getini mpaka ukampokea wewe mwenyewe. Anasema Jumatatu muuza mikate alikuwa anavuka na baiskeli yake, akaona taa moja inakuja, akadhani ni pikipiki, hakuharakisha. Amepona kwa upana wa mkate. Anasema taa si ya treni kuiona njia peke yake, ni ya aliyeko relini kujua kwamba kinachokuja ni treni. Hilo sikuwa nimelifikiria nikishona. Nikamuuliza, na Jumamosi je? Akajibu, Jumamosi wataona taa mbili nyeupe, na mimi nitabaki si halisi. Akaenda kunawa mikono.

Ndugu Msimamizi, moja mpaka tano futa. Taa iacheni inavyowaka. Aliyeshika bisibisi mafua yake nayaondoa. Ningeweza kutoituma barua hii, lakini stempu nimeshabandika, na sifa zilizomo ni za kweli; ukiichana, usiichane pale nilipomsifu.

Naomba mistari yako miwili tu, yenye mhuri, ifike kwa majaji kabla ya Jumamosi: kwamba taa ya kushoto ilikuwa mbovu, na ni nani aliyekuja kuwaambia. Nilimwambia aiombe mwenyewe, akasema anaona aibu. Aibu hiyo hakuirithi kwangu.