Mama Bakuli na Ufunguzi wa Kituo cha Supramolekuli

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi, Mheshimiwa Makamu wake, ambaye ndiye aliyefanya maandalizi, Mkuu wa Polisi pamoja na mbwa wake, waheshimiwa wakurugenzi, makaimu wakurugenzi, na wale wanaowakaimia makaimu, viongozi wa dini mlioketi kivulini, wazee wetu mlioketi juani kwa uzalendo, wakazi wa Mtaa wa Chini mliokuja na ndoo, jambo ambalo silioni kwenye ratiba, mke wangu, na kwa namna ya pekee kabisa mwenye siku yake, mkemia wetu, mama yetu, Profesa Mama Bakuli: itifaki imezingatiwa. (Makofi. Mbwa anabweka.)

Ndugu wananchi, nasimama mbele yenu nikiwa Mratibu Mkuu wa Uratibu, kwa unyenyekevu ambao umewahi kusifiwa hata vikaoni, ili kukifungua Kituo cha Kisasa cha Kemia Supramolekuli, neno ambalo nilipoletewa faili lake mara ya kwanza nilisoma mwanzo wake tu nikaagiza chama cha wapishi kiitwe haraka, hadi katibu muhtasi wangu aliponisogelea na kunieleza kwa heshima zote kwamba hapa hakuna supu. (Kicheko.) Tangu hapo nimelifanyia kazi neno hili, nimehudhuria semina, warsha na kongamano lenye chakula cha mchana, na leo naweza kulitamka bila kushikilia meza.

Sasa mama huyu ni nani? Mama huyu alianza kazi akiwa binti katika kiwanda cha vanishi, ambako alitakiwa kuchemsha vanishi inayokauka upesi kuliko ya washindani, lakini ya kwake, kwa sababu ambazo sayansi ilikuwa bado haijazifanyia upembuzi yakinifu, ilikataa kukauka kabisa, na kiti cha meneja kilichopakwa vanishi hiyo kikamshika meneja mwenyewe, akainuka, suruali ikabaki imekaa. (Kicheko kirefu. Mkuu wa Polisi anajifuta machozi.) Chini ya chupa ya kuchemshia zikabaki chembe nyeupe kama chumvi. Msimamizi akamwambia amwage, aoshe chupa, aanze upya. Binti akauliza chembe zile ni nini, akaambiwa ni uchafu, akauliza ni uchafu gani, na kwa mujibu wa taarifa nilizonazo swali hilo ndilo lililohitimisha ajira yake, akatoka getini na chembe zake ndani ya kikopo cha mafuta ya nywele.

Chuo kikampokea, na kwa kutambua kipaji chake kikampa stoo ya viti vibovu, ukuta kwa ukuta na vyoo vya wanafunzi, na humo ndimo alimogundua kwamba molekuli za chembe zile zilikuwa zimejikunja zenyewe zikawa na umbo la bakuli, ndogo mno kiasi kwamba mabakuli yaliyomo ndani ya tone moja ni mengi kuliko ahadi nilizowahi kutoa. (Mnong'ono wa kukubali.) Mama mkwe wake alipokwenda kumtembelea akaelezwa jambo hili kwa kirefu, akalisikiliza lote, kisha akamwambia, “Mwanangu, yaani umesoma miaka yote hii ili utengeneze bakuli lisiloonekana? Na mume wangu mimi anakula kwenye sufuria?” Kuanzia siku hiyo familia nzima ikamwita Mama Bakuli, na jina likahamia chuoni.

Naomba niwape darasa fupi. Kemia ya kawaida ni ya ndoa: atomu zikishikana zimeshikana, kuziachanisha mpaka moto. Kemia ya mama huyu ni ya ugeni. Kuna molekuli mwenyeji, kuna molekuli mgeni. Mgeni anaingia, anakaa kwa raha zake, hakuna aliyemfunga, na hali ikibadilika anaaga anaondoka. Wataalamu ndivyo wanavyowaita kabisa, mwenyeji na mgeni, na niliposoma hapo nikamwambia mke wangu kwamba mimi nimekuwa mgeni rasmi kwa muda wote wa utumishi wangu, kwa hiyo taaluma hii nimeifanyia mazoezi kabla haijagunduliwa. (Mama Bakuli anafunika uso kwa programu ya sherehe.)

Shida, ndugu zangu, ilikuwa kwamba bakuli lile halikuwa na adabu ya kuchagua wageni. Dada yake mdogo ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya Mtaa wa Chini, na kisima cha shule hiyo kiko jirani na pale palipokuwa na karakana ya betri kuukuu, hivyo maji yake yamejaa risasi, nayo ni madini, si ya bunduki, Mkuu wa Polisi unaweza kukaa. Watoto walikuwa wakiumwa matumbo, wakisahau jana walisoma nini. Dada akamjia pale stoo na chupa ya maji mkononi, akaiweka mezani, akasema, “Dada, bakuli lako linaweza kuitoa hii?” Akajibiwa kwamba bado. Akasema, “Basi mimi Jumatatu nitawapa watoto maji gani?” (Mtu anakohoa.)

Mama huyu akarudi kwenye meza yake. Miaka ikapita bakuli likikamata chokaa badala ya risasi. Nywele zikaingia mvi. Mumewe, fundi wa miavuli, akazoea kupika mwenyewe, na tena inasemekana anapika vizuri. Katika kipindi hicho kigumu ofisi yangu ilikuwa naye bega kwa bega: aliomba feni ya kuvuta moshi, tukamnyima ili kujenga uvumilivu, lakini tulimpelekea kalenda yenye picha yangu. Hatimaye akapata wazo la kuupanua mdomo wa bakuli na kuutia mikono miwili ya salfa, kwa kuwa risasi na salfa wanapendana, ila salfa hiyo ilinuka mayai yaliyooza kiasi kwamba watumiaji wa choo cha jirani waliandamana hadi kwa mkuu wa chuo kulalamikia harufu. (Kicheko.) Hakuacha. Akayapitisha maji ya dada yake kwenye unga wa yale mabakuli mapya, akayapima, risasi haipo. Akapima tena, haipo. Akamimina asidi kidogo juu ya unga, bakuli likamwachia mgeni wake likawa tayari kwa kazi nyingine. Wanaomfahamu wanasema aliketi kwenye kimojawapo cha vile viti vibovu akalia, kiti kikavunjika, akaendelea kulia akiwa chini.

Dunia ikasikia, wakamtunuku nishani huko ng'ambo, na ndipo serikali, kwa kasi yake ile ile, ikamgundua. Ndipo sisi tukabuni, tukachakata, tukashirikisha wadau na kuoanisha vipaumbele, hadi kufikia kituo hiki ambacho kitachuja maji ya Mtaa wa Chini kwa asilimia mia moja na ishirini, zile ishirini zikiwa akiba ya mtaa wa jirani. (Makofi kutoka jukwaa kuu.)

Naona mama amesimama. Mama, itifaki inakupa nafasi baada ya shairi la watoto. Anauliza mtambo uko wapi. Ni swali zuri, na nitalijibu kimkakati: mtambo uko katika hatua. Anauliza hatua gani. Ndugu wananchi, mnaona wenyewe kwa nini kiwanda cha vanishi kilishindwa naye. (Kicheko. Wenye ndoo hawacheki.)

Anasema, na mimi nanukuu ili kumbukumbu zikae sawa, “Mheshimiwa, ile mitungi miwili niliyoileta kwa maonyesho imejaa unga, nimeimiminia maji ya kisima cha shule, na inachuja. Naomba nifungue koki watu wachote, wewe uendelee tu kuhutubia.” (Vifijo. Watu wanainuka na ndoo.) Basi, jambo hilo si baya, ni la kiubunifu, na ningependa ieleweke kwamba nalielekeza mimi. Wananchi, jongeeni kwenye meza ya mama kama ninavyoelekeza. Mwalimu mkuu naona umetangulia. Fundi miavuli, msaidie mkeo kushika mtungi. Hapana, viongozi wa dini, ninyi bakini, nahitaji watu. (Viongozi wa dini wanajiunga na foleni.)

Kwa mliosalia, tuhitimishe kwa kaulimbiu. Nikisema Sayansi, jibuni Tija! Sayansi! (“Tija,” anasema katibu muhtasi.) Nikisema Kituo, jibuni Kipo! Kituo! (“Kiko wapi?” inajibu foleni.) Mmejibu kwa hamasa, tutaboresha maneno.

Nimalizie kwa shukrani. Namshukuru mchoraji aliyelichora jengo hili zuri kwenye turubai mnaloliona nyuma yangu, hasa madirisha, ambayo yananifanya hata mimi nitamani kuyafungua. Nawashukuru vijana wanaolishika turubai pande zote mbili, na nawaomba wavumilie upepo. Namshukuru mwenye kiwanja, aliyekubali tukitumie hadi saa kumi, mbuzi wake wanaporudi. Nawashukuru mafundi ujenzi wote, ambao tutawatafuta. Na kwa moyo wa dhati namshukuru seremala wetu kwa kutuazima mlango huu wa mninga wenye fremu yake, ambao mteja wake anausubiri nyumbani jioni hii, kwa hiyo kamati ihakikishe haukwaruzwi. Kwa hayo machache, natamka rasmi kwamba Kituo cha Kemia Supramolekuli kimefunguliwa. Ahsanteni sana kwa kunisikiliza.

(Anakata utepe. Anafungua mlango, anapita kwa hatua za heshima na kutokea uwanjani upande wa pili, ambako foleni ya ndoo imeshazunguka hadi pale. Bibi mmoja anamtazama juu hadi chini, anamwambia, “Baba, mwisho wa mstari ni kule,” na mheshimiwa, ambaye koo limemkauka kwa kuhutubia, anakwenda kusimama kule.)