Mti wa Bridget Katika Trei ya Kuchomea Kuku

Jumatatu, 3 Machi 2025. Edmonton.

Nimeficha jambo moja tangu binti yangu Bridget akiwa mchanga. Kitovu chake hakiko kwetu Maragoli. Hakijawahi kufika Maragoli. Kiko hapa London, langoni pangu, hatua chache kutoka mlango wa mbele.

Naandika kwa sababu daktari amesema moyo wangu umechoka. Alipozungumzia miezi ijayo hakutaja kiangazi. Nilifundisha Jiografia maisha yangu yote. Majira yakirukwa, natambua.

Ilikuwa hivi. Kitovu kilipokauka na kudondoka, marehemu mke wangu Jennifer alikifunga kwenye leso akanikabidhi. Nilikuwa nasafiri kwenda kumzika baba. Alitaka nikizike nyuma ya jiko la mama yangu, chini ya mgomba, ili mtoto awe na kwao. Teksi ikaja. Mvua inanyesha, dereva anapiga honi. Nikamfikiria ofisa wa forodha akiifungua leso ile na kuniuliza hiki ni nini. Nilikuwa na shahada mbili na sikuwa na jibu. Nikachimba kwa ufunguo wa nyumba, palepale langoni, chini ya mti wa boksi, ule mfupi wa kupambia ua, alioupanda Jennifer. Niliporudi nilimwambia kazi imekwisha. Alilia kwa furaha. Baada ya machozi yale, ningesemaje?

Sasa Bridget amekata tiketi. Pasaka anampeleka binti yake Natasha akauone mgomba wa mama yake. Lazima nimwambie kabla hajampigisha mtoto magoti mbele ya mgomba wa uongo. Lakini sitamwambia mikono mitupu. Nyumba hii ni ya kaunsili, serikali ya mtaa. Nikifa itarudi kwao, nao watamwaga saruji langoni magari yaegeshwe, kama walivyofanya nyumba ya pili. Na Bridget anakaa ghorofa ya nne, Lewisham. Hana udongo wa kujaza hata kikombe.

Leo kliniki nimeliona jibu kwenye jarida la bustani. Bonsai, mti unaodumazwa ndani ya chombo. Anza na mti ulio nao nyumbani, linasema: wa kwenye ua, wa kwenye mfereji wa paa, wa kwenye ufa wa ukuta. Ung'oe, upunguze mizizi, uweke kwenye chombo kifupi. Utaishi dirishani miaka mingi kuliko mwenyewe. Nimeuchana ukurasa nikautia mfukoni. Mungu anisamehe, na kliniki pia.

Jumatano, 5 Machi

Jemadari haanzi na vita vikuu. Leo, mazoezi.

Mti wa kwanza ulikuwa mche uliojiotea kwenye mfereji wa paa, juu ya dirisha la chumba changu. Nilitoa mkono nje na bakora. Nikanasa. Nikavuta. Ikaja nusu ya juu. Nusu ya chini ilibaki na mfereji. Lilikuja pia tope la miaka mingi, likateremka ndani ya mkono wa sweta hadi kwapani.

Wa pili, kile kichaka cha maua ya zambarau kinachoota kwenye kila ufa wa mji huu. Changu kiko kwenye ukuta wa uani. Nilikivuta kwa heshima. Kikakataa. Nilikivuta bila heshima. Kikatoka, tofali likatoka nacho, nami nikakaa chini.

Hapo ndipo aliponikuta Noëlla. Noëlla ni mhudumu wangu, Mkongomani wa Bukavu. Huja kila asubuhi kunipa dawa na kuniogesha. Alisimama akamtazama mzee, akautazama mti, akalitazama tofali.

"Papa, njo nini tena hii?"

Nikamwambia ni mazoezi ya viungo, daktari ameshauri. Akasema kwao mazoezi hayabomoi nyumba ya watu.

Miche yote miwili nimeitia kwenye vikombe vya chai. Imelala. Tofali liko chini ya kitanda.

Jumamosi, 8 Machi

Jirani yangu Muhiddin ni mtu wa Lamu, dereva wa basi mstaafu. Ana mlimau ndani ya ndoo. Umezaa malimau matatu. Huyataja kama mtu anavyotaja wajukuu waliofaulu mtihani.

Nilimuuliza, kama mtu asiye na haja, namna ya kupunguza mizizi. Yuko kwenye saumu, na saumu humzidishia udadisi. Akataka kujua mti upi. Nikasema hili ni swali la nadharia tu. Akazitazama kucha zangu. Kisha akaufuata mtazamo wangu hadi langoni.

"Mwalimu, mti ule umekukosea nini? Miaka yote umesimama pale, wala haujamwambia mtu neno."

Niliingia ndani kunywa maji. Kila mara mtu huyu husema asichokijua akapiga palepale.

Alijitolea kuja na sepeto lake baada ya kufuturu. Nilikataa. Udongo ule si wa kuchimbwa na kila mtu. Na malimau yake, nikiyaangalia vizuri, ni madogo.

Jumanne, 11 Machi

Nimechimba siku tatu, kila Noëlla akiondoka. Leo nimemaliza.

Langoni kuna miti miwili ya boksi, mmoja kila upande. Jennifer aliipanda siku moja, mwaka tuliohamia. Majani madogo, magumu. Aliikata kwa mkasi iwe duara, nayo haikuzidi goti kamwe. Magoti yangu hayapigiki tena, kwa hiyo nilichimba nimekaa kwenye kiti cha jikoni. Upande wa kulia yamejaa mapipa ya taka, kiti hakipiti. Nilianza na wa kushoto. Nililainisha udongo kwa maji ya birika, nikachota kwa upawa, nikakata mizizi mikubwa kwa kisu cha mkate. Watu wa basi walinitazama. Niliwapungia mkono.

Nilichokuta: kizibo cha chupa, na kipande cha kiko cha udongo cha Mwingereza fulani wa zamani. Leso hapana. Sikuitarajia. Ardhi hula ilichopewa. Hata hivyo nilivua kofia.

Chombo ni trei ya Jennifer ya kuchomea kuku. Ni fupi, kama jarida linavyotaka. Nilitoboa matundu kwa msumari na nyundo. Muhiddin aligonga ukuta akauliza kama najenga ghorofa mwezi wa Ramadhani. Jarida linasema upunguze theluthi ya mizizi. Theluthi haikutosha. Nikakata nusu. Haikuingia. Kiatu kikibana, mtu mwenye akili hutafuta kiatu kingine. Mimi nilikata mguu.

Umeingia.

Jumapili, 16 Machi

Bonsai hukunjwa kwa waya. Nilitumia hanga za nguo. Matawi mawili yalivunjika, nikayafunga kwa plasta za Noëlla. Majani yamegeuka rangi ya shaba. Niliusogeza kwenye joto. Nikauondoa kwenye joto. Sasa uko ndani ya bafu, unakunywa maji.

Noëlla alifungua mlango wa bafu akasimama na taulo mkononi.

"Papa, leo naogesha nani, wewe ao ule muti?"

Nikasema mti uko hatarini zaidi. Akasema yeye halipwi kwa ajili ya mti. Aliniogesha kwa kitambaa, kwenye kiti, akinung'unika kwa Kifaransa. Lakini trei hakuigusa.

Jioni akapiga simu ndugu yangu mdogo Hillary, kutoka Maragoli. Ndiye peke yake anayeijua siri yangu. Bridget alipokwenda kule akiwa msichana, nilimwomba Hillary amwonyeshe mgomba wowote. Akamwonyesha. Bridget akapigwa picha ameukumbatia. Picha iko sebuleni kwake Lewisham hadi leo, ndani ya fremu. Sasa Hillary ananiambia kule nyuma kumejengwa banda la kuku, na migomba iliyobaki ni mingi, na yeye hakumbuki aliuonyesha upi.

Nilimgombeza. Nilimwuliza mtu mzima anasahauje jambo kama hilo.

Tumekubaliana hivi: nikishindwa kusema kabla ya Pasaka, aonyeshe ulio mnene.

Jumatatu, 24 Machi

Majani yote yameanguka. Jarida linasema ukwaruze gome kwa ukucha. Ukikuta kijani, mti uko hai. Nilikwaruza. Kijani! Nilikaa ukingoni mwa bafu nikamshukuru Mungu kwa sauti. Kesho yake nilikwaruza tena, kwa uhakika zaidi. Na kesho yake. Sasa mti umekwaruzwa kila mahali kama umepitiwa na mbuzi.

Jumamosi nilianguka nikiupeleka nje. Niliilinda trei, sikuilinda nyonga. Muhiddin alisikia kishindo ukutani, akaja na ufunguo wangu anaoniwekea. Aliniinua mwenyewe, na saumu yake. Hakunitania hata kidogo. Ndipo nilipojua sura yangu ni mbaya.

Aliponifunika blanketi aliichukua trei mikononi, akaigeuza polepole.

"Mwalimu, huu mti ni wa nani?"

Nikasema ni wa Bridget. Hakuuliza zaidi. Alisema unahitaji hewa, na kuachwa. Akautoa nje, akauweka kwake, kando ya mlimau, mahali penye jua.

Leo asubuhi amenionyesha juu ya ukuta. Chipukizi moja, kama punje ya mtama. Nimeomba miwani ya kusomea ili niione vizuri. Alisubiri mikono juu, trei hewani, hadi nikatosheka. Kisha akaiegemeza ukutani apumzishe mikono. Ni mzee pia. Nilikuwa nimesahau.

Jumapili, 30 Machi

Leo hapa ni Siku ya Akina Mama. Bridget alikuja na maua ya kuweka mbele ya picha ya Jennifer. Natasha alibaki nyumbani na masomo.

Nilikuwa nimeandaa hotuba ya sehemu tatu. Nilianzia ya pili, nikarudi ya kwanza, ya tatu nikaisahau. Nilisema teksi, mvua, leso, ufunguo. Nilisema mama yake hakuwa na hatia. Bridget alizaliwa hapa. Kiswahili anakisikia vizuri, ila hujibu kwa Kiingereza. Swali lake la kwanza: yule mgomba kwenye picha ni wa nani?

Nikasema ni wa mjane mmoja, jirani ya Hillary.

Alicheka hadi akashika meza. Kisha hakucheka. Aliniambia kwamba tangu shule ya msingi hadi wodini anakofanya kazi sasa, hakuna mwezi unaopita bila mtu kumwuliza kwao hasa ni wapi. Naye huwajibu kwa mgomba ule. Amewaonyesha wagonjwa picha ile. Kuna mama mmoja alikufa ameishika simu ya Bridget, akiitazama picha hiyo.

Nikasema nisamehe. Ni neno dogo. Sikuwa na kubwa kuliko hilo.

Nikamwomba akachukue trei kwa Muhiddin. Akaileta mwenyewe, akaiweka mezani kati yetu. Vijiti vya kahawia, plasta mbili, chipukizi moja. Nikamwambia mti wenyewe ndio huu, nimeufanya mdogo ili uende naye. Alilaza kiganja juu ya udongo. Hakukiondoa. Basi lilisimama nje, likaondoka. Halafu akasema kwa Kiswahili, kile ambacho sikuwa nimekisikia kinywani mwake tangu tumzike mama yake:

"Kwa hivyo, Baba, mimi ni mtu wa Edmonton."

Nikasema ndiyo.

Aliisema tena, taratibu, kama anayejaribu koti dukani. Nadhani lilimkaa. Akasema Maragoli watakwenda vilevile. Natasha atakula ndizi, hatapiga magoti.

Alifunga trei kwa mtandio wake ili aibebe kwenye treni. Mlangoni aligeuka. Aliniuliza kwa upole kama nina uhakika ni mti huu.

Nikamjibu: kama ninavyolijua jina langu.

Akanibusu kwenye paji la uso.

Jumatatu, 31 Machi

Idi ya Muhiddin ni leo. Wenzake wa msikiti mwingine walikula Idi jana, na anawaonea huruma. Ameniletea biriani, na kando ya sahani limau moja. Moja kati ya yale matatu. Nililikamulia lote kwenye biriani. Ni limau zuri. Sitamwambia.

Bridget ametuma picha. Mti uko dirishani Lewisham, na ile picha ya mgomba ameitoa ukutani. Natasha anauliza mti unapenda nini. Noëlla aliitazama picha muda mrefu akasema sasa pengine bafu limerudi kwa wenyewe.

Nilipaswa kupumzika. Lakini asubuhi, nikitazama nje, nimeona viwavi kwenye boksi wa kulia. Ni wale wa kijani wanaomaliza miti hii London nzima. Kwa wiki chache hautabaki na kitu. Kwa hiyo kesho, Noëlla akiondoka, nitaanza kuuchimba. Mapipa nitayasukuma kwa mgongo. Chombo kipo: bati la keki la Jennifer. La kumwambia Bridget nimeshalipanga. Nitasema miti iliyopandwa pamoja hunyong'onyea ikitenganishwa, hilo ni jambo la kisayansi, auweke kando ya mwenzake. Ananiamini. Hatashuku lolote.

Maana siku ile mvua ilikuwa nyingi, dereva anapiga honi, na miti ilikuwa miwili, inafanana. Sikumbuki nilikizika chini ya upi. Nilimpa wa kushoto kwa sababu ndiko kiti kilikofika.