Nilivyoifikisha Kompyuta ya Mjomba Digrii Tisa

Jumatatu, 9 Machi

Kompyuta ya mjomba imejizima tena. Mara ya tatu leo! Kila filamu ya harusi ikifika katikati, puu, skrini nyeusi. Mjomba kashika kiuno mlangoni mwa studio, jasho linamtiririka, akauliza kama humu ndani kuna mwenye akili. Nikainua mkono. Binti yake, binamu yangu, ambaye mimi humwita Miwani, akacheka mpaka miwani yenyewe ikamshuka puani. Hana adabu yule.

Mjomba akatoa masharti. Bibi harusi anasafiri Jumamosi kumfuata mumewe ng'ambo, na anataka aondoke na filamu yake mkononi. Nikiiponya kompyuta na filamu ikatoka, kiti cha kuhariri ni changu. Ikijizima tena kwa uzembe wangu, narudi kubeba taa na nyaya, na kiti anakalia Miwani. Nilikubali hata kabla hajamaliza. Kiti kile kina magurudumu!

Jumanne, 10 Machi

Nimepakua programu ya kupima joto la prosesa, yaani ule ubongo wa kompyuta. Ikasema tisini na tano. Tisini na tano! Mwongo mkubwa. Nimeligusa sanduku la kompyuta kwa kiganja changu mwenyewe: vuguvugu, kama chai iliyosahauliwa. Arobaini na tano, haizidi hapo. Mkono wangu haujawahi kunidanganya.

Nikachokonoa kwenye programu, nikakuta kisanduku cha kusahihisha vipimo. Unaandika namba, yenyewe inaongeza au inapunguza. Nikaiambia itoe hamsini. Papo hapo: arobaini na tano! Wenzangu wanasomea mambo haya chuoni miaka na miaka. Mimi nimemaliza kabla ya chai ya saa nne.

Miwani akapita, akasema eti, kaka, hujaponya kitu, wewe ni kama mgonjwa wa homa aliyevunja kipimajoto akatangaza amepona. Nikamwambia akapange nyaya. Akasema nyaya nilizivuruga mimi. Ni kweli, lakini hayo hayakuwa mazungumzo yetu.

Jumatano, 11 Machi

Leo ufundi wenyewe. Fundi simu wa mlango wa pili kanipa bomba la dawa ya kupitisha joto, ile nyeupe inayokaa kati ya prosesa na kipoozeo, kile chuma chenye mapezi. Akasema niweke kiasi cha punje ya mchele. Punje! Mafundi kwa ubahili, hawajambo. Nimeminya bomba zima, nikapaka kama siagi kwenye mkate wa mtoto anayedekezwa. Ikachuruzika pembeni. Nikaifuta kwa kitambaa cha lenzi. Mjomba hajajua.

Kisha nikafungua ubavu wa sanduku, nikalielekezea feni ya mjomba, ile kubwa. Mjomba akalalamika kwamba anaiva. Nikamwambia achague, yeye au bibi harusi. Akaenda kujipepea kwa gazeti.

Alhamisi, 12 Machi

TISA! Nimewasha asubuhi, kabla ya kazi yoyote, programu inasoma digrii tisa! Nimemwita mjomba, nimemwita mama muuza vocha wa nje, nimemvuta hata mteja aliyekuja kupiga picha ya pasipoti. Wote macho yamewatoka. Mjomba kanipiga bega, kaniita injinia. Mbele za watu!

Miwani peke yake kanuna. Akauliza, mbona wote humu tunatokwa jasho, na feni inapuliza hewa ya humu humu, sasa huo ubaridi umetoka wapi? Akauliza tena kama nimezisahau zile hamsini zangu. Hamsini zipi? Namba ikishasahihishwa imesahihishwa, hatuwezi kuiimba kila siku kama wimbo wa shule. Mjomba akamwambia aache kumwandama mwenzake. Tamu hiyo!

Ijumaa, 13 Machi

Nimewaza jambo ambalo vichwa vidogo haviwezi kuliwaza. Chupa ya soda ikitoka kwenye friji hutoa jasho. Sasa kompyuta yenye digrii tisa je? Maji na umeme! Nikaiondoa feni haraka. Nikarudisha ubavu. Nikalifunika sanduku kwa lile pazia zito jeusi la kupigia picha, nikalikunja mara mbili, nikachomeka ncha chini vizuri kama ninayelaza kichanga. Mjomba akafurahi kurudishiwa feni yake.

Nikaanza kuitoa filamu nzima. Thelathini na tano. Poa. Arobaini na mbili. Poa. Arobaini na nane. Nikamwita Miwani aje aone wanaume wanavyofanya kazi. Akaja, akagusa pazia, akaruka nyuma, akapiga kelele nizime, nizime, kaka zima! Nikamwambia arobaini na nane ni maji ya kuoga. Hamsini.

Puu! Skrini nyeusi. Harufu ya pasi iliyosahauliwa juu ya shati.

Nikasema umeme umekatika. Mjomba akatazama taa. Inawaka. Akatazama feni yake. Inazunguka. Akanitazama mimi.

Kumbe mama wa bibi harusi alikuwa keshafika, kakaa kwenye benchi. Akauliza kwa sauti ndogo kama itabidi harusi irudiwe.

Jumamosi, 14 Machi

Miwani kaamka na bisibisi. Kafuta dawa yangu yote. Uharibifu! Kaweka tone dogo la kutia aibu. Kisha akatoa vumbi kwenye mapezi ya kipoozeo, bonge zima, kama paka alikuwa kalala humo. Vumbi hilo hata mimi ningeliona, sema sikuangalia. Akamalizia kwa kuzifuta hamsini zangu, akarudisha feni. Mjomba akaiva bila kulalamika. Kwa bintiye halalamiki!

Filamu ikatoka. Bibi harusi akaipitia akiwa na mabegi yake, mama yake akalia, mjomba akalia, kila mtu akalia isipokuwa mimi. Miwani akakalia kiti. Akakizungusha mara moja, polepole, makusudi, huku ananiangalia. Akasema, kaka, hebu niletee ile taa ya kona.

Nikaleta. Lakini nikachungulia skrini. Sabini na moja! Sabini na moja, na wanampigia makofi! Mimi niliifikisha tisa. Tisa! Hakuna hata mmoja aliyelisema hilo. Ukoo huu haujui kusoma namba.

Nimeondoka zangu. Msusi wa ng'ambo ya barabara ana kompyuta ya kupigia muziki saluni, nayo inajizimazima. Nimeweka programu, inasoma themanini. Nimemwahidi sifuri. Akashika kichwa, akauliza nitaweza kweli. Nikamwambia anipe muda wa kusuka mstari mmoja tu. Hesabu nimeshaipiga.