Bodi Yenu ya Feni Imenivua Uenyekiti

Izigo, Muleba,
Mkoa wa Kagera.

Kwa Mkurugenzi,
Kiwanda cha Bodi za Kuendeshea Feni,
Ng'ambo.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA BODI YENU YA TATHMINI

Pokea salamu kutoka Izigo, ambako mvua inanyesha tangu asubuhi, nami nakuandikia nikiwa nimekaa mbali na feni. Natumia Kiswahili kwa makusudi. Kitabu chenu cha maelezo mlikiandika kwa Kiingereza bila kuniuliza kama nakielewa, nikaona niwarudishie heshima ileile.

Mimi ni Avit Rugemalira, mkulima wa kahawa na migomba, Mkatoliki, mume wa Evodia na baba wa Kokugonza. Hadi mwezi uliopita nilikuwa pia mwenyekiti wa kikundi chetu cha wakaushaji kahawa. Cheo hicho nilikishika kwa muda mrefu na kwa amani, kwa kuwa hakuna mwingine aliyekitaka. Sasa sinacho, na aliyenivua ni bodi yenu. Usije ukadhani nimekurupuka. Nitaeleza kwa mpangilio.

Huku kwetu mvua haina adabu. Kahawa ikianikwa asubuhi kwenye maturubai, mchana inaanuliwa mbio, na baada ya siku chache imeshika ukungu. Msimu uliopita mnunuzi alifungua magunia yetu, akanusa, akayafunga tena. Wanachama walirudisha mizigo yao nyumbani kwa baiskeli zilezile zilizoileta. Wapo waliosema wazi kwamba watang'oa mibuni, wabaki na migomba mitupu.

Ndipo tukajenga banda la kukaushia, lenye paa la nailoni, kwenye kibanja changu, nyuma ya jiko. Jua likitoka, ndani kunakuwa na joto zuri, ila unyevu unaotoka kwenye kahawa hauna pa kwenda. Ilihitajika feni ya kuutoa nje. Tuliipata Bukoba mjini, dukani kwa Shamsia muuza vipuri, ambaye aliitoa kwenye basi lililokufa. Ni feni kubwa, mota yake haina brashi ndani, ina nyaya tatu nene, na ukiiunganisha na betri moja kwa moja haifanyi chochote. Inataka kitu cha kuiamuru. Binti yetu Kokugonza, aliyesomea umeme na kupata kazi Mwanza, alipokuja likizo akatuletea kitu hicho. Ndiyo bodi yenu.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Jina lake linadanganya. Kokugonza alipiga simu kabla ya kufika, akaniambia, "Taata, ninakuja na bodi ya tathmini." Bodi ninazozijua mimi ni za watu: bodi ya shule, bodi ya hospitali. Nilivaa koti. Nilimwagiza mama yake apike ndizi za kutosha wajumbe. Binti akashuka peke yake, akaweka mezani kipande cha kijani, ukubwa wake kama kitabu cha misa, kiko uchi kabisa, hakina kifuniko wala mota wala betri. Ukurasa wa kwanza wa kitabu chenu unasema kwamba hii si bidhaa iliyokamilika, ni ya tathmini tu, na ishikwe na watu wenye ujuzi. Nikamwuliza binti yangu anayetathminiwa hapo ni nani. Akajibu kwamba ni ile chipu nyeusi ya katikati. Ndugu Mkurugenzi, nimeishi na bodi hiyo, na nakuhakikishia aliyetathminiwa ni mimi.

2. Ina dharau ya kimyakimya. Kokugonza alitufundisha mimi na mama yake utaratibu wa kuiunganisha. Swichi iwe imezimwa. Nyaya tatu za mota zikazwe kwanza. Kile kitufe cha mwendo, kinachozungushwa kama cha sauti ya redio, kiwe kwenye sifuri. Betri mbili za gari ziungwe kwa kufuatana ili zitoe volti ishirini na nne, nazo ziunganishwe mwisho kabisa, chanya kwenye chanya. Nilisema nimeelewa, na kwamba kazi hiyo ni ya mwenye nyumba. Evodia alivaa miwani, akaanza kusoma upya kuanzia mwanzo.

Niliunganisha. Nikawasha. Bodi ikanyamaza. Haikuungua, haikulia, haikutoa hata moshi, ambao ungenipa sababu ya kuilaumu. Ilinyamaza tu, kama mtu aliyesikia upuuzi na akaamua kuuvumilia. Evodia akasogea, akabadilisha nyaya za betri, chanya ikarudi kwa chanya, na taa ya kijani ikawaka. Kitabu chenu kinajivunia kwamba bodi ina kinga dhidi ya mtu anayekosea nyaya za betri. Mimi je? Kinga yangu dhidi ya bodi iko ukurasa gani?

3. Inaanza kazi kwa namna inayoharibu ndoa. Evodia alipozungusha kitufe, feni haikuzunguka mara moja. Ilishtuka, ikarudi nyuma kidogo, ikavuma, ikasita, ndipo ikaondoka taratibu hadi mapanga yake yakawa hayaonekani. Nikasema ni mbovu. Kokugonza akaeleza kwamba ni sawasawa kabisa. Mota hii haina kifaa cha kuiambia bodi imefika wapi katika mzunguko wake. Kwa hiyo bodi huivuta kwanza ikae mahali panapojulikana, kisha huisukuma kwa kubahatisha, na ikishapata mwendo husikiliza umeme mdogo unaorudi kutoka kwenye mota yenyewe, ndipo ijue wakati wa kusukuma tena.

Mke wangu aliitazama feni, akasema, "Kumbe inasukuma kidogo, halafu inasikiliza."

Hakuniangalia. Ndiyo maana nilijua ananisema mimi.

Likizo ikaisha, Kokugonza akarudi Mwanza, akatuachia kompyuta yake ya zamani na waya wa kuiunganisha na bodi. Hapo feni ikaanza visa. Tuliifunga mahali pake bandani, lakini kila tulipowasha ilitetemeka kama mwenye malaria, ikasimama, taa nyekundu ikawaka. Nilipendekeza tuipige kofi kidogo ubavuni, njia ambayo redio yetu inaielewa vizuri. Nilipendekeza pia maji ya baraka, ila Evodia alisema maji na umeme havipatani hata vikibarikiwa. Akampigia binti simu. Wakazungumza, yeye akiwa na miwani mbele ya kompyuta, akaambiwa mapanga ni mazito, siku ile yaliondoka kwa bahati tu, kwa hiyo bodi isiyakimbize. Akaongeza muda wa kuchukua kasi, akapunguza ukali wa msukumo wa kwanza, akawasha. Feni ikaondoka kwa upole, ikaendelea. Mwanamke aliyekuwa akiniita nikazime taa ya sebuleni alikuwa ameipangia mota mwendo. Nilikwenda kuwatazama mbuzi.

4. Haichagui upande wa mwenyekiti. Tulifanya uzinduzi wa banda. Aliyealikwa kuwa mgeni rasmi ni mkwe wetu, Mzee Kagaruki wa Maruku, baba wa mume wa Kokugonza, mtu anayependa usafi, akaja na kanzu nyeupe iliyopigwa pasi mpaka kwenye mikono. Kwa kuwa wageni walikuwepo, nilifungua zile nyaya tatu nilizozikuta zimefungwa vizuri na nikazifunga upya mwenyewe, ili picha ipigwe. Hakuna aliyenieleza kwamba mbili zikipishana feni huzunguka kinyume. Kumbe nilikuwa nimeelezwa, lakini nilikuwa nikizungumza.

Feni ikawashwa. Badala ya kutoa hewa ya banda kwa nyuma, ikavuta moshi wote wa jiko, ikauchanganya na vumbi la maganda ya kahawa, ikaupeleka mlangoni walikoketi wageni. Mzee Kagaruki alitoka pale kama aliyetoka kupakwa majivu siku ya Jumatano, tena na paroko asiyejua kipimo. Evodia alizima, akapishanisha nyaya mbili kati ya tatu, akawasha. Hewa ikageuka. Wageni wakapiga makofi, na mkwe alipiga kwa nguvu kuliko wote, ingawa alikuwa bado anakohoa. Makofi yale, Ndugu Mkurugenzi, hayakuelekezwa kwangu.

5. Imenishika nguo hadharani. Ili kurudisha heshima, nilisimama kutoa hotuba. Nilikuwa na kanzu na koti, na nilirudi nyuma kidogo ili watu wa pembeni wanione. Feni haikuwa na wavu bado. Ilinyonya pindo la kanzu yangu na mapanga yakakwama.

Hapa nakiri kwamba bodi ilisimama papo hapo. Ingekuwa mashine ya kawaida, leo ningekuwa nazungumza mengine. Lakini kitabu chenu kinasema kwamba mota ikikwama, bodi hukata umeme, husubiri sekunde chache, kisha hujaribu tena. Ni nani aliyewatuma muweke hiyo "hujaribu tena"? Iliniachia, ikapumzika, nikaanza kumshukuru mgeni rasmi, ikanivuta tena. Ikaacha. Nikasema "ndugu wananchi." Ikavuta. Watu walidhani ni sehemu ya burudani. Nilijaribu kujinasua kwa kugeuka, na nadhani ningeingiza mkono kwenye mapanga.

Evodia alinyanyuka, akasema, "Avit, simama hapo hapo."

Inabidi nikueleze, wewe ni mgeni. Katika ndoa yetu yote mke wangu ananiita Baba Koku. Jina langu mbele ya wakwe halijawahi kutoka kinywani mwake. Nilisimama. Hata feni nadhani ilisimama. Alichomoa betri, akanasua pindo kidogo kidogo, akanikagua vidole vyote kimoja kimoja. Kisha akaniambia taratibu nikamalizie hotuba nikiwa nimekaa. Kesho yake aliagiza fundi Aroni achomelee wavu.

6. Imenivua uenyekiti. Kahawa ya msimu huu ilikauka. Mnunuzi alinusa, akanusa tena, akapakia. Habari zikafika mbali. Siku hizi watu wanatoka Kaagya kwa pikipiki, wananikuta barazani, wananisalimia vizuri, halafu wanauliza kama Mama Koku yupo. Akiwaeleza jinsi ya kuunganisha bodi za kwao, kazi yangu ni kushika tochi, na wakati mwingine ninaelekezwa niishike vizuri.

Ulipofika uchaguzi, mwanachama mmoja akapendekeza jina la Evodia. Nilicheka, nikawa peke yangu. Nilipewa nafasi ya kujieleza, nikaeleza historia ya kikundi tangu mwanzo mpaka mvua ikatukimbiza ndani. Evodia alipopewa yake alisema magunia hayakurudishwa msimu huu, akasema wavu ukaguliwe kila wiki, akakaa. Kura zikahesabiwa. Sasa yeye ni mwenyekiti, na mimi ni mtunza maturubai.

Kutokana na hayo, naomba kiwanda chako kichukue hatua. Kwanza, mtengeneze bodi inayomtambua mkuu wa kaya na kukataa kuwaka akiwa hayupo. Pili, taa nyekundu iwe na adabu, isiwake mbele ya wakwe. Tatu, na hili ndilo kubwa, mkiandikie kikundi chetu kwa barua yenye muhuri kwamba uchaguzi ule ni batili. Hoja yangu ni nyepesi na ni ya kwenu wenyewe. Mmeandika kwamba bodi hii si bidhaa iliyokamilika, ni ya tathmini tu. Basi kahawa iliyokaushwa na bodi hiyo ni kahawa ya tathmini, sifa zilizotokana na kahawa hiyo ni sifa za tathmini, na mwenyekiti aliyetokana na sifa hizo ni mwenyekiti wa tathmini tu, asiyefaa kutumika kabla hajakamilishwa. Mkikataa hoja hii, mtakuwa mmekataa ukurasa wenu wa kwanza.

Wasalimie mafundi wote wa kiwandani, hasa aliyebuni kule kujaribu tena. Mwambie namfikiria mara kwa mara. Wasalimie wake zao, na waume wa wale walio wanawake, ambao nawaonea huruma. Hapa nyumbani hatujambo, mbuzi hawajambo, na feni inavuma.

Wako katika kutafuta haki,

Avit Rugemalira,
Mtunza Maturubai.

Tanbihi: Baada ya kutia sahihi nimeona si vizuri kukuficha jambo. Asubuhi ya uchaguzi ilinyesha mvua kubwa. Nilikwenda bandani nikijua nitakuta kahawa imelowa, ili nipate la kusema mkutanoni. Nilimkuta Evodia amesimama kati ya vichanja vya kuanikia kahawa, kichwa amekiinamisha upande mmoja, anasikiliza mvumo wa feni kama mtu anayesikiliza pumzi ya mtoto mgonjwa. Alichota kahawa, akanimiminia kiganjani, akasema, "Baba Koku, tikisa." Nikatikisa. Ikalia kavu, huku nje maji yakitiririka kwenye nailoni pande zote. Tuna umri mkubwa, Ndugu Mkurugenzi, na sikuwa nimewahi kuusikia mlio ule siku ya mvua.

Alishinda kwa kura moja. Kura hiyo ilikuwa yangu. Kwa hiyo lile ombi la tatu mliache, na la kwanza pia. Na kama ni lazima mnijibu, msitumie anwani ya kikundi, maana barua za kikundi siku hizi zinafunguliwa na mwenyekiti.