Machozi ya Mwenyekiti Bohannon

Umma wote wa Kansas ufahamu: Verla Ottley hakuwa na blowa, ile pampu ya kushindilia hewa ndani ya injini ya gari la mbio. Hakuwa na mdhamini, hakuwa na trela yenye kiyoyozi, wala hakuwa na shemeji kwenye Kamati. Kubwa zaidi, hakuwa na daraja la kushindania. Gari lake liliendeshwa na injini ya naitro, mafuta makali yanayopuliziwa kwa nozeli tu, na kanuni za mbio za magari vichekesho, yale ambayo bodi nzima hufunuliwa kama kifuniko cha sufuria, ziliitambua injini ya alkoholi yenye blowa peke yake. Asipokubaliwa kabla ya Jumamosi, gari lingeuzwa kwa mkahawa mmoja wa Wichita uliotaka kulitundika juu ya mlango.

Mimi, Harlan Dietz, ni Katibu wa Kamati ya Usawa wa Moshi na Kelele. Taratibu za mikutano nilizisomea shule ya usiku, baada ya zamu kwenye ghala la ngano, nikafaulu. Sijivuni, naeleza tu.

Mwenyekiti wetu, Bwana Royce Bohannon, alilipinga ombi la Verla la kufunguliwa daraja kwa moyo wa haki. Kwamba yeye ndiye muuzaji pekee wa blowa wilayani ilikuwa bahati yake, haihusiki. Alieleza kuwa injini isiyo na blowa ni sawa na mwanamume asiye na kofia. Mjumbe mmoja akauliza ubaya wa mwanamume huyo ni upi. Suala likapelekwa kamati ndogo, nayo ikapendekeza ukaguzi wa karibu.

Basi tukaweka meza yetu, na kitambaa chake cha kijani, ubavuni mwa gari penye mabomba ya moshi. Watazamaji wakajaa kwenye kamba ya kuzuia watu na soseji zao za vijiti. Kwetu, shabiki wa kweli husimama kwenye moshi wa naitro uso wazi. Anayekimbia huchekwa msimu mzima. Wengi waliosimama pale walikuwa wateja wa Bwana Bohannon.

Verla alivaa barakoa ya gesi, akatuletea nyingine. "Vaa, mzee. Hiki kitu hakina adabu."

"Mama, mimi nimekulia kwenye moshi," Mwenyekiti akajibu, kwa sauti ya kufika kwenye kamba.

Wajumbe wakamuiga. Mimi nilivaa. Hakuna kanuni inayomkataza katibu kuona.

Verla akawasha. Kelele sitazieleza, nitasema tu kwamba kengele ya Mwenyekiti ilitembea yenyewe mezani hadi ikaanguka. Mwenyekiti akatokwa na machozi, kisha kamasi, kisha sauti ambayo sikuiandika. Verla akazima.

"Jamani, Royce analia," mtu akasema kwenye kamba. "Moshi umemkamata kama mtoto mchanga."

"Moshi?" Mwenyekiti akamgeukia, ila upande ambao mtu huyo hakuwapo. "Mimi moshi haunilizi, ndugu yangu."

Wajibu wangu ulikuwa wazi. Machozi ya mwenyekiti hayawezi kuingia kwenye kumbukumbu bila sababu.

"Mheshimiwa, niandike nini? Umelizwa na moshi, au na ombi la Bi Ottley?"

Akafikiri, macho ameyafumba. "Ombi. Limenigusa."

"Limekugusa kiasi cha kulikubali?"

"Ni moshi tu huo, Katibu, usimsumbue," ikaja sauti ya kwenye kamba.

"Kiasi hicho," akasema Mwenyekiti.

Wajumbe, nao wakilia, wakaafiki kwa kauli moja.

Nikaandika barua kwenda makao makuu ya mashindano. Kwa kuwa Mwenyekiti hakuweza kusoma kwa machozi, nilimsomea kwa kipaza sauti: kwamba daraja linafunguliwa kwa injini za naitro zisizo na blowa, kwa pendekezo lake mwenyewe, aliyeguswa hadi machozi. Nikauongoza mkono wake mahali pa sahihi. Verla alikuwa ameketi juu ya tairi, barakoa bado usoni, mabega yakimtikisika. Sikuandika kama alikuwa analia au anacheka.

"Royce," mteja mmoja akaita, "ile blowa niliyoagiza, usihangaike tena."

Mwenyekiti akaninong'oneza kuwa barua ilale kwanza hadi kesho. Nikamweleza, kwa heshima zote, kwamba barua iliyosomwa hadharani hutumwa hadharani. Nikalamba bahasha, nikaibana kwa ngumi, nikamkabidhi mama wa posta, aliyekuwa kwenye kamba tangu mwanzo, uso wazi, macho makavu.